Mizinga tunayo, maua ndio hatuna

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na unisamehe kama itakuwa ndefu, hili jambo la nyuki wetu kukosa maua nimetembea nalo tangu Januari na watu wa nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni mpika simsim hapa Khayega, Kakamega. Nakaanga simsim, nachemsha asali, nachanganya, namwaga kwa trei, nakata vipande napaki. Njugu pia natengeneza lakini simsim ndio jina, ukishuka stejini uulizie Mama Simsim watu wa boda boda watakuleta mpaka mlangoni. Wateja wako hapa, wako Kakamega mjini, na kuna maduka mawili Kisumu yanachukua mzigo kila wiki mbili. Si kampuni, ni sufuria tatu na binti mmoja wa kunisaidia, lakini imelipa karo ya watoto wawili na wa tatu yuko kidato cha pili.

Sasa mtu anayepika na asali huijua asali kuliko anayeiuza, juu sufuria haibembelezwi. Asali ya ukweli ukiiweka motoni inapanda na povu, inatulia, halafu inaanza kuvuta, na ukidondosha tone kwa kikombe cha maji baridi linakuwa kidonge laini unaweza kukifinyanga na vidole. Simsim yake inatafunika. Januari broka wangu akaniletea ndoo ya kilo 25, rangi safi kabisa, nikaiweka motoni kama kawaida, ikachemka weee, mvuke tu na maji, halafu jikoni kukaanza kunuka vile kunanuka ukipita karibu na wapishi wa sukari guru. Simsim ya siku hio ilitoka ngumu kama kigae, mteja mmoja alinirudishia paketi akisema nilitaka kumtoa jino. Nikampigia broka nikamwambia kaka yangu umeniuzia miwa, na yeye bila aibu akanijibu, "Mama, nyuki wa siku hizi ndio wanakunywa miwa." Nikakata simu. Hayo maneno yake tuyaweke kando kwanza, tutayarudia.

Wiki hio hio mwenye duka moja la Kisumu akaniambia kuna wateja wanaulizia simsim ya asali oganiki, wazazi wa kununulia watoto vitafunio vya shule, na nikimpatia ya ukweli atachukua mara tatu ya vile anachukua sasa. Mimi nikasema kwani kuna nini hapo, asali si ni asali, nyuki hawaweki fatalaiza. Akanipa fomu. Ilikuwa imetoka kwa mnunuzi wake mkubwa anayefuata masharti ya Ulaya, kurasa nne, na swali la kwanza kabisa la maana lilikuwa hili, eti ndani ya kilomita 3 kuzunguka mizinga kuna nini? Yaani sio ndani ya mzinga, wala sio kwa shamba la mwenye mzinga. Kilomita 3 kila upande, na chakula cha nyuki humo ndani kiwe hasa ni mimea ya porini, msitu, ama mazao ambayo hayapigwi dawa kali. Ndio sheria yao ya kilimo hai, na ukifikiria ina maana, juu nyuki akitoka asubuhi hakuulizi shamba ni la nani, anaenda kilomita mbili tatu, akikosa anazidi, anarudi na kile amepata.

Nikampa kijana wangu wa kidato cha pili afanye hesabu, hio ya duara wanayofundishwa. Akaniletea jibu, kilomita 28 mraba na kidogo, karibu ekari 7,000. Mimi niko na ekari moja na nusu. Tukaendelea kuhesabu, tukasema tufanye kila boma lina kipande kama changu, basi ni zaidi ya maboma 4,600. Nilikaa chini. Mzinga mmoja tu, Mhariri, na ili asali yake iitwe oganiki inatakiwa maboma 4,600 yakubaliane, kutoa ile sehemu iko msitu ama mto. Watu hapa hata njia ya maji hatujakubaliana.

Lakini nikaamua kufanya vile wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Nikamruka broka, nikapanda boda boda mpaka upande wa Ileho, kando ya msitu wa Kakamega, kwa mzee mmoja ambaye asali yake nilikuwa naisikia tu. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, ananiita mwanangu ingawa mimi mwenyewe nina mvi. Ana mizinga 11. Mitano ni ya magogo aliyochonga na mkono wake, sita ni ile ya masanduku, Langstroth, yenye fremu ndani, imepakwa rangi na bado ina nembo ya mradi uliomletea. Mradi wenyewe siutaji. Mzee anasema siku ya kupewa kulikuwa na mahema na viti vya plastiki, soda ikanywewa, picha zikapigwa, na hao wageni hawakurudi tena hata kuuliza nyuki waliingia ama vipi.

Kati ya hio sita, wenye nyuki ni mmoja. Mwingine mfuniko umepotea. Mwingine uko chini ya ukingo wa ghala na ndani yake kuku ametaga, nilimwona kwa macho yangu, amejaza kona nzima ya sanduku na ananikodolea kama mimi ndio nimeingia kwake bila hodi. Nikamuuliza mzee, kwani nyuki walikataa mzinga wa kisasa? Akasema hawakukataa, waliingia wote, wakakaa msimu mmoja, wakahama. "Watakula rangi ya mzinga?" akaniuliza.

Na nyuki wetu wako hivo, si kama wa Wazungu ambao wanavumilia. Wa Afrika akiona chakula kimeisha anabeba malkia wake anaenda, hata umpe nyumba ya ghorofa. Huyo Langstroth alibuni sanduku lake Marekani 1852 na ni sanduku zuri, sina neno nalo. Hata sisi Kenya tulikuwa na wetu, ule mzinga mrefu wa vijiti vya juu uliotengenezwa hapa miaka ya 1970 na ukaenda dunia nzima na jina letu. Mizinga haijawahi kuwa shida ya hii nchi.

Tukiwa bado tunaongea hapo, ilikuwa kama saa nne asubuhi, nikasikia ile sauti ya pampu ya mgongo, fshh, fshh, ng'ambo ya njia. Jirani anapiga dawa nyanya. Nyanya zenyewe zimechanua na jua limewaka vizuri, ni ile saa nyuki wako kazini. Mzee akanyamaza. Akainuka akaenda kusimama karibu na mizinga ya magogo, na mimi nikamfuata, tukangoja. Haikupita nusu saa wakaanza kurudi. Nyuki anatua mlangoni anateleza, anaanguka chini, anazunguka na mgongo kama pia, ulimi uko nje umenyooka. Mlangoni wengine wanawasukuma nje hawataki waingie. Mzee alichukua ufagio akawafagia polepole kwa uteo, akanionyesha, walikuwa wamejaa kama mchele unaotaka kuchaguliwa. Hakusema kitu kibaya juu ya jirani. Alisema tu, "Huyu kijana ana watoto wanne, na kwa agroveti walimuuzia chupa, hawakumuuzia saa."

Hilo neno limekaa na mimi. Juu kweli hakuna mtu alimwambia. Dawa hio hio akipiga jioni saa kumi na mbili nyuki wakiwa wamelala, akaacha kupiga wakati wa maua, tayari amepunguza maafa mengi na nyanya zake hazijaharibika. Na hao nyuki ndio walikuwa wanamfanyia kazi, wale wakubwa wa porini wenye sauti nzito ndio mabingwa wa kutikisa ua la nyanya. Kuna utafiti ulifanywa hapa hapa Kakamega na Muo Kasina na wenzake ukachapishwa 2009, waliangalia mashamba ya wakulima wadogo, maharagwe, kunde, alizeti, nyanya, pilipili hoho, pasheni, wakapata karibu asilimia 40 ya thamani ya hayo mazao kwa mwaka inatoka kwa uchavushaji wa nyuki. Asilimia 40! Mtu wa nyanya akiua nyuki anajikata mkono wake mwenyewe na hajui, na sisi tunamlaumu juu ya asali tu kama vile asali ndio kitu cha pekee.

Sasa nirudi kwa maneno ya broka. Nilimuuliza mzee kama ni kweli nyuki wanakunywa miwa, nilitaka tucheke. Hakucheka. Akanionyesha upande wa mto, kuna mpishi wa sukari guru huko, akasema kiangazi kikikaza wake wanaenda huko, wanajaa kwa mapipa mpaka wapishi wanawachoma na moto. Kwa hivyo broka aliniibia lakini uongo wake ulikuwa na mguu mmoja wa ukweli. Nyuki akikosa ua anaenda mahali kuna utamu, iwe ni sukari guru, iwe ni chupa ya soda stejini. Na hio anayorudi nayo si asali, ni sharubati ya miwa iliyopitia kwa tumbo la nyuki.

Kwa nini akose ua Kakamega, mahali mvua inanyesha karibu mwaka mzima? Hili ndio nataka wakubwa wa kaunti wasome vizuri.

Nikiwa msichana, boma letu lilikuwa limezungukwa na ua la miti, ua la mpaka namaanisha, sio la kunusa. Kulikuwa na musutsu, lusiola ule unaotoa maua ya njano kama tarumbeta, murembe mwekundu, mululusia ambao kukhu, bibi yetu, alikuwa akitutengenezea dawa ya tumbo na ikichanua ilikuwa nyeupe yote na inavuma kama redio mbovu. Kando ya barabara kulikuwa na yale maua ya njano machungu, tithonia, kutoka hapa mpaka shuleni. Ndani ya mahindi kulikuwa na kishona nguo na magugu mengine ambayo tulikuwa tunapalilia na jembe, na huwezi kuyamaliza, kwa hivyo nyuki hakukosa.

Angalia leo. Miwa imefika mpaka ukuta wa jikoni, na miwa haimpi nyuki kitu, inakatwa kabla haijachanua na hata ikichanua ni nyasi. Mpaka umebaki ni waya ama mstari wa blugamu za kuuza nguzo. Blugamu kweli inachanua na nyuki anaipenda sana, hapo nisidanganye, lakini ya nguzo inakatwa ikiwa bado changa, na majirani wanalia kisima kimekauka. Barabara zikipanuliwa tithonia inafyekwa mpaka udongo mwekundu. Magugu siku hizi hatupalilii, tunapiga dawa, shamba zima linakuwa la kahawia kwa wiki moja, na mimi mwenyewe nilikuwa nafanya hivo mpaka mwaka jana juu mgongo unauma na kibarua ni ghali, kwa hivyo sisimami hapa kama malaika. Halafu kuanzia 2017 wakaja hao viwavi wa kutoka Amerika, kila mtu akaanza kumwagia mahindi dawa mpaka juu kwa mbelewele, na mbelewele nyuki anachota chavua hapo.

Jumlisha hayo. Msimu wa mvua maua yapo ila nyuki hawezi kuruka vizuri, kiangazi anaweza kuruka ila hakuna maua, na kati kati kuna pampu. Halafu mtu anakuja na lori la mizinga.

Kaunti ndio ina kazi ya kilimo tangu 2013, sio Nairobi. Kila wakati wa bajeti naskia mizinga, mizinga, kikundi cha akina mama kimepewa mizinga, vijana wamepewa mizinga na nguo nyeupe za kulinia. Mzinga unaonekana kwa picha, ninaelewa, mheshimiwa akisimama karibu na sanduku jipya anapendeza. Mche wa mululusia haupendezi, ni kijiti na majani mawili. Lakini ningekuwa mimi ndio nashika hio pesa ningesema miaka mitatu hakuna kununua hata mzinga mmoja, pesa yote iende kwa miche ya maua na kwa watu wa kuzunguka agroveti wakifundisha saa za kupiga dawa. Baada ya miaka mitatu nyuki watakuja wenyewe, hata kwa mzinga wa gogo, hata kwa dari ya kanisa.

Na miche si lazima itoke mbali. Rais alitangaza Desemba 2022 kwamba tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kila Jumamosi ya kupanda miti naona wanapanda, sawa, lakini angalia ni miti gani inapandwa, ni ile ile ya nguzo na mbao iliyopangwa kwa mistari kama wanajeshi. Kuna kanuni ilitoka 2009 ikasema kila shamba liwe na asilimia 10 ya miti. Kwa ekari moja na nusu yangu hio ni kama nusu ya robo ekari na kidogo, ukiizungusha yote kwa mpaka haikuli hata nafasi ya mahindi. Kama ingesemwa tu kwamba nusu ya hio miti iwe ya kuchanua, na ichaguliwe kwa zamu, huu uchanue mvua ikianza, huu wakati wa kiangazi, ule mwingine katikati, tungekuwa tumemaliza mambo mengi bila mahema na soda.

Mtu wa ng'ombe ataniuliza, tukipanda maua ng'ombe atakula nini? Kaliandra ndugu yangu. Ina maua mekundu kama brashi, nyuki wanaipenda, na majani yake ni chakula cha ng'ombe wa maziwa, kilo 3 za majani mabichi zinasimama badala ya kilo 1 ya dairy meal ile unanunua kwa gunia kila mwezi ukilia. Ukiikata inachipuka. Siri ni usikate yote mara moja, kata upande mmoja, uache mwingine uchanue, hio nilifundishwa na mama mmoja wa mbuzi wa maziwa hapa Khayega na sijawahi kuisoma mahali.

Na mtu wa mahindi ataniuliza viwavi. Watu wa icipe, ile taasisi ya wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo 1970, pale Mbita kando ya ziwa wamefundisha wakulima miaka mingi kupanda desmodiamu, majani fulani ya kutambaa, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba, moja inafukuza wadudu, nyingine inawavuta nje. Inapunguza funza wa kutoboa shina na hao viwavi wapya, inanyonga kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na ng'ombe anakula vyote viwili. Haifanyi kazi wiki moja kama dawa ya chupa, hapo nitasema ukweli, msimu wa kwanza utajuta kidogo juu desmodiamu inachukua muda kuota. Lakini ni shamba ambalo nyuki anaweza kuingia na akatoka mzima.

Halafu kuna nyuki wetu wengine ambao hakuna mtu wa mradi huwaongelea, wale wadogo wasiouma. Kukhu alikuwa nao kwa ukuta wa jikoni ya udongo, walijenga kabomba kadogo ka nta kanatokea ukutani kama filimbi, sisi watoto tulikuwa tunaziba na kidole tunapigwa. Asali yao ni chachu kidogo, nyepesi, tulipewa kijiko tukikohoa. Msitu wa Kakamega una aina kadhaa za hao, na icipe imefanya kazi na wakulima wa kando ya msitu kuwafuga kwa visanduku vidogo. Wale wadogo kabisa hawaendi mbali, mita mia kadhaa tu. Kwa hivyo kwao huhitaji maboma 4,600, unahitaji majirani kumi wenye akili. Shida ni kwamba asali yao ina maji mengi, kiwango cha asali ya kawaida ni maji yasizidi asilimia 20 na yao inapita hapo, inachacha haraka, na kwa simsim yangu haifai. Lakini mtu wa maziwa lala na yogati angeitumia, nikimpata mmoja aliye makini Kakamega tutaongea. Jikoni za siku hizi ni za simiti na mabati, hakuna tundu, hao nyuki walale wapi? Tuwaachie hata gogo moja bovu nyuma ya choo, na kipande cha udongo usiolimwa, juu nyuki wengi wa porini hawana mzinga kabisa, wanachimba shimo chini wanalea watoto humo.

Naona nimetoka kwa njia, nirudi.

Nimefanya nini mimi badala ya kulalamika tu. Nilienda kwa yule jirani wa nyanya, nikaenda na paketi mbili za simsim, nikakaa. Ni kijana mpole. Alikubali jioni, na aliniambia kitu sikutegemea, kwamba hakujua hata kama nyuki wanahusika na nyanya, alidhani wanakuja kula. Tukaenda pamoja kwa wengine. Saa hii tuko na maboma 23 kuanzia kwa mzee kushuka mpaka mtoni, majina yako kwa daftari la kurasa 48, kila mmoja ameweka sahihi mambo matatu, kupiga dawa baada ya jua kushuka na kamwe sio kwa maua, kupanda kitu cha kuchanua kwa mpaka wake, na kutofyeka ukingo wa mto. Huo ukingo hata sheria haituruhusu kuulima, kwa hivyo hapo hatujatoa chochote, tumeacha tu kuiba. Mimi kwa upande wangu nanunua asali ya mzee na ya wengine wawili shilingi mia moja zaidi ya bei ya broka kwa kilo, na hio mia moja inaingia kwa kikundi kununua miche. Wawili kati ya hao 23 wamesharudia kupiga asubuhi, najua, tumewaona, tunaongea nao. Haiwezi kuwa laini.

Kuwa oganiki ya Ulaya bado tuko mbali na sitaki kudanganya mteja wangu, kwa paketi nimeandika asali ya Ileho, basi, neno oganiki silitii. Tunachofuata sasa ni alama ya Kilimohai, ile ya Afrika Mashariki iliyokuja na kiwango cha 2007, juu ina njia ya kikundi kukaguana wenyewe kwa wenyewe, jirani anamkagua jirani, badala ya kulipa mtu aje na ndege. Nimeambiwa na wale wamepitia kwamba kazi kubwa ni kuandika, kila kitu kiwe kwa daftari, nani alipiga nini na siku gani. Daftari tunalo.

Nachoomba kaunti ni vitu vidogo sana. Wanaofyeka barabara waache tithonia upande mmoja wakifyeka mwingine. Afisa wa kilimo aje akae na hizo agroveti za Khayega na Ileho siku moja tu, mtu akinunua chupa aambiwe na saa. Na nasari za miche za kaunti zioteshe mululusia, lusiola, musutsu na kaliandra, sio blugamu peke yake. Kwenye kikao cha maoni ya bajeti nitakuja, nitakaa mbele, na nitabeba uteo wa wale nyuki, mzee ameniwekea amewakausha.

Ile fomu ya kurasa nne bado iko juu ya kabati la vyombo. Ukurasa wa kwanza nimejaza.

Na mzee ameomba niweke hapa kwamba mwenye anataka mzinga wa Langstroth bure, ulio karibu mpya, aje Ileho achukue, iko minne. Ule wa tano angoje wiki mbili kuku aangue.

Ni mimi,
Mpika simsim, Khayega, Kakamega